Ijumaa usiku Arusha mjini: namna ya kupata baa na mgahawa wa kukufaa

Swali linarudi kila mwisho wa wiki. Mtu amehamia Arusha kikazi, au ana wageni kutoka Dar, au anataka kumtoa mchumba wake: "Jamani, mjini tuende wapi pazuri?" Anajibiwa kwa majina matano, kila mtu na la kwake. Akifika anakuta moja limefungwa, jingine limebadilisha mwenye, la tatu lina spika zinazotikisa meza wakati yeye alitaka kuongea.

Ndiyo maana mwongozo huu hauna orodha ndefu ya majina. Baa za Chuga, yaani Arusha, zinafunguliwa na kufungwa haraka sana, na ile iliyosifiwa mwaka jana inaweza kuwa leo ni duka la vipodozi. Mitaa haihami. Ukijua mtaa upi unatoa nini, na ukajua namna ya kuuliza, utapata sehemu nzuri mwaka huu na mwaka ujao.

Uwe na nini kabla ya kutoka

- Idadi kamili ya watu. "Tutakuwa kama sita hivi" inakuletea meza ya watu wanne.
- Habari za wenzako: nani hanywi, nani hali nguruwe, nani anataka chakula halali tu, nani ana kazi kesho asubuhi.
- Bajeti ya kila mmoja, na nauli ya kurudi iwe pembeni kabisa, isiguswe.
- Pesa kwenye simu kwa ajili ya Lipa namba (namba ya biashara unayoilipa kwa simu), pamoja na noti ndogondogo. Usitegemee kimoja.
- Simu yenye chaji, programu ya kuita usafiri kama Bolt, na namba ya dereva mmoja wa bajaji au teksi unayemwamini.
- Koti au sweta. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku si ya mchezo. Wageni wa Dar ndio huumbuka hapa: wamevaa kwa picha, saa tatu usiku wanaomba kuhamia ndani na ndani kumejaa.

Hatua ya 1: Amua usiku wenyewe ni wa nini

Chagua kitu kimoja kikuu. Kuongea, kula, kucheza muziki, au kuangalia mpira. Hakuna sehemu inayotoa vyote vinne vizuri, na inayojitangaza hivyo mara nyingi haina hata kimoja cha uhakika.

Angalia pia ratiba ya mpira. Siku ya Simba na Yanga, au mechi kubwa ya Ligi Kuu ya England, karibu kila baa yenye runinga inageuka uwanja. Kama unampeleka mtu mkae muongee, siku hiyo chagua mgahawa usio na skrini, au sogeza tarehe.

Hatua ya 2: Ujue mji kwa mitaa yake

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

*Mnara wa Saa na Barabara ya Boma.* Hiki ndicho kitovu. Hoteli kongwe ya mji iko hapohapo kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa, na ukipanda Barabara ya Boma unafika kwenye Boma la Wajerumani lenyewe, lililojengwa mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho. Eneo hili lina hoteli, mikahawa ya kahawa na sehemu zenye menyu ndefu. Wateja ni mchanganyiko: watalii wa safari, watu wa mikutano ya AICC (kituo cha kimataifa cha mikutano), wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wenyeji waliovaa vizuri. Panafaa kwa chakula cha kwanza na mtu unayemheshimu. Bei iko juu. Bia ileile unayokunywa mtaani inaweza kufika mara mbili au zaidi. Hulipi bia peke yake pale. Unalipia bustani, utulivu, choo kisafi na mlinzi getini, na kuna usiku ambao vitu hivyo vina thamani yake.

*Barabara ya Sokoine, Goliondoi na Mtaa wa India.* Mchana kuna msongamano wa benki na maduka. Jioni mageti ya chuma yakishushwa, huku chini kunakuwa kimya, na usiku unahamia juu: kaunta za hotelini, sehemu za ghorofani, launji zisizo na kibao kikubwa. Usikadirie jengo kwa sura yake ya chini. Panda, uone.

*Mitaa ya karibu na msikiti na soko kuu.* Hapa unakuja kula. Jiko linawashwa jioni pembeni ya barabara na moshi wa mishkaki unakuita ukiwa bado kona ya nyuma. Mfano maarufu kuliko yote ni Khan's, Mtaa wa Msikiti: mchana ni shughuli za magari na vipuri, jioni panageuka kuwa sehemu ya kuku wa kuchoma, mishkaki na saladi za kila aina. Mtu wa mitindo akitaka viti vya velveti hapa hatavipata, lakini kama mna njaa ya kweli, anzeni huku kisha mhamie kwenye muziki. Chukulieni kuwa ni eneo la soda na juisi. Usiingie na chupa yako. Ni utovu wa adabu kwa watu wa mtaa ule.

*Kaloleni na Levolosi.* Baa za mtaani zenyewe. Viti vya plastiki, nyama choma, zilipendwa mapema na bongo fleva au amapiano usiku ukikolea. Ukitaka kuujua mji unavyojifurahisha wenyewe, njoo huku ukiwa na mwenyeji.

*Barabara ya Moshi ya Zamani, Uzunguni hadi Kijenge.* Ukivuka Mto Themi kutoka Mnara wa Saa unaingia kwenye miti mikubwa na nyumba zenye viwanja. Migahawa mingi ya huku iko ndani ya bustani, taa zimefichwa kwenye majani, meza ziko mbalimbali. Kwa maoni yangu hapa ndipo pazuri kuliko pote kwa watu wawili, au kwa sherehe ndogo ya familia. Ni mwendo mfupi kutoka mjini, na ndiyo sababu watu hujidanganya kutembea usiku. Usivuke daraja kwa miguu giza likiingia. Chukua bajaji hata kama unaona taa za unakokwenda.

Njiro na Sakina nako kuna sehemu nzuri, lakini hizo ni safari nyingine na nauli nyingine. Mkishaanza mjini, malizeni mjini.

Hatua ya 3: Pata majina matatu kwa kuuliza vizuri

Ukiuliza "wapi pazuri?" utapewa sehemu ambayo mtu alikwenda mara moja kwenye harusi. Uliza swali lenye umbo: "Watu wa umri wangu wanakaa wapi Ijumaa, sehemu ya kula na kuongea, isiyo na kelele?" Waulize watu ambao usiku wa mji ni kazi yao: dereva wa bajaji anayepaki karibu na Mnara wa Saa, dada wa saluni, mhudumu wa mgahawa unaokula mchana. Huyo mhudumu muulize yeye mwenyewe anakwenda wapi akiwa na siku ya mapumziko. Jibu lake lina thamani kuliko tangazo lolote.

Kisha ingia mtandaoni ukague. Usiangalie picha za ukurasa wa baa yenyewe. Angalia zilizowekwa na wateja, na uangalie tarehe. Kama picha ya mwisho ya mteja ina zaidi ya miezi sita, usilitupe jina hilo, ila lihesabu kuwa bado halijathibitishwa.

Hatua ya 4: Piga simu kati ya saa nane na saa kumi alasiri

Muda huo jikoni kumetulia na mtu ana nafasi ya kukujibu. Uliza hivi:

Leo mko wazi mpaka saa ngapi, na jiko linafungwa saa ngapi? Hayo ni maswali mawili. Baa inaweza kuwa wazi hadi saa nane usiku na jiko likazimwa saa nne. Halafu uliza: kuna bendi au DJ leo, na anaanza saa ngapi? Kuna kiingilio? Meza ya watu sita mnaishikilia kwa dakika ngapi tukichelewa? Mnapokea kadi, au Lipa namba na taslimu tu? Kuna masharti ya mavazi? Baadhi ya klabu baunsa anarudisha ndala, kaptula na jezi, na hapo hakuna mjadala.

Chukua jina la aliyepokea simu. Ukifika ukisema "niliongea na dada fulani saa tisa", meza inapatikana.

Hatua ya 5: Pita mchana uone kwa macho

Kama usiku ni muhimu, usiruke hatua hii. Agiza soda au kahawa, kaa robo saa. Angalia choo, choo kichafu saa tisa mchana, saa tano usiku hakitaelezeka. Angalia spika zimeelekea wapi, kisha chagua meza iliyo nyuma yake au pembeni. Angalia magari yanapaki wapi na kama kuna mlinzi. Angalia kama kuna paa upande wa bustani, kwa sababu masika, Machi hadi Mei, mvua haikupi taarifa. Soma menyu yote ukiwa na akili timamu, na usome maandishi madogo ya chini: bei ina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ndani yake au inaongezwa? Kuna ada ya huduma? Ukijua hayo mchana, bili ya usiku haitakushtua.

Hatua ya 6: Anzeni kwa chakula, mhame mara moja tu

Kaeni mezani saa moja na nusu jioni, saa mbili isipite. Kuleni. Kama kuna sehemu ya pili ya muziki, hamieni saa nne au saa tano. Kabla ya hapo mtakuta DJ anawachezea wahudumu. Kuhama mara tatu au nne usiku mmoja ni kutumia hela kwenye bajaji na kupoteza nusu ya watu njiani.

Hatua ya 7: Agiza nyama kwa kuiona

Kwenye sehemu za nyama choma usikae kitini ukaagiza "kilo moja ya mbuzi". Nyanyuka, nenda kwenye kidirisha cha bucha. Mbuzi ananing'inia pale. Onyesha kwa kidole sehemu unayoitaka. Mbavu zina mafuta na ladha, mguu una nyama nyingi, na kwa watu wanne kuchanganya kidogo ndiyo sahihi. Simama wakati inapimwa na uangalie mzani umeanzia sifuri kabla nyama haijawekwa. Mwambie mchoma nyama unavyotaka: ikauke au ibaki na maji. Uliza itachukua muda gani, na kama anasema dakika ishirini kwa mbuzi mbichi, jua anakutuliza tu. Ikija haraka, huwa imechomwa nusu mapema. Weka saa moja kichwani, uagize mtori au supu mwanzoni ili watu wasinywe na tumbo tupu.

Nyama ikiiva inakuja kwenye ubao au sinia, inakatwa mbele yenu, chumvi na pilipili pembeni, ndimu, kachumbari, ndizi choma. Mhudumu atakuja na maji ya kunawa. Mgeni wako wa nje mwelekeze taratibu: ananawa, anakula kwa mkono wa kulia, na hakuna anayesubiri uma.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ina sehemu zake na majiko yake. Kama mezani kuna Mwislamu, usiagize. Tafuteni siku nyingine.

Hatua ya 8: Vinywaji na bili

Swali la kwanza litakuwa "ya moto au ya baridi?" Ya moto maana yake haijawekwa kwenye friji, na Arusha ya mwezi Julai wengi wanaipenda hivyo. Jibu ulichozoea.

Chupa ifunguliwe mezani, mbele yako. Ikija imefunguliwa, irudishe kwa upole: "Dada, naomba niletee nyingine, uifungulie hapa." Hakuna mhudumu mzuri anayekasirika. Glasi ukiiacha kwenda kucheza, ukirudi usiinywe, agiza nyingine. Hili nawaambia wanaume na wanawake sawasawa.

Baa nyingi za mtaani mhudumu anachukua kinywaji kaunta kwa dhamana yake, na anatakiwa alipe kwanza. Ndiyo sababu anasimama akisubiri hela kila raundi. Si dharau, mteja akiondoka bila kulipa, deni linabaki kwake. Mlipe palepale. Kwenye sehemu za bili ya mwisho, acheni chupa tupu zibaki mezani au tunzeni vizibo, kisha mhesabu pamoja naye kabla hajaenda kaunta. Kokteli mjini zinatofautiana sana. Sehemu ambayo mtu wa kaunta hana ndimu mbichi wala barafu safi, kunywa bia. Ukitaka mgeni aonje cha nyumbani, divai ya ndizi inatengenezwa hapahapa Arusha.

Lipa kwa Lipa namba ukisoma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa ni jina la mtu binafsi badala ya biashara, uliza. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mhudumu akikuhudumia vizuri, mpe chake mkononi, usimwachie mezani.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kubeba gari "kwa sababu nitakunywa mbili tu". Liache nyumbani.

Kuchagua sehemu kwa picha moja ya ukuta wenye maua ya plastiki. Ukuta hauna jiko.

Kupanga Arusha na Moshi usiku mmoja. Ni kama kilomita 80, na njia hiyo usiku ina malori na watu waliochoka. Ukitaka Moshi, nenda ulale hukohuko. Mji mdogo, joto zaidi, sehemu nyingi za kati unazifikia haraka, na asubuhi mawingu yakikuruhusu unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ila jua kwamba Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, na siku za mbio za Kilimanjaro, kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, nako hakuna meza. Weka nafasi mapema sana.

Kumwita mhudumu kwa mluzi au "wewe!" Ni dada, kaka, au mama kama umri wake unasema hivyo. Utahudumiwa vizuri zaidi, na zaidi ya hapo ni haki yake.

Ukikwama

*Meza yenu imepewa wengine.* Taja jina la uliyeongea naye na saa. Omba kuonana na msimamizi, usigombane na mhudumu. Dakika kumi na tano zikipita bila jibu, nendeni kwenye jina la pili. Ndiyo sababu ulikusanya matatu.

*Chakula kimechelewa mno.* Nenda mwenyewe jikoni au kwenye jiko la mkaa, uulize kwa utulivu oda yako iko wapi. Mara nyingi utakuta karatasi haijafika. Kama bado hawajaanza, futa oda hapohapo, mbele ya mhudumu na mchoma nyama wote wawili.

*Bili imezidi.* Omba iorodheshwe kitu kwa kitu. Hesabuni chupa. Lipa mnachokubaliana na msubiri msimamizi kwa kilichobaki. Msiondoke kwa hasira bila kulipa.

*Mtandao wa malipo umegoma.* Toa zile noti. Kama hazitoshi, mmoja abaki, mwingine aende kwa wakala wa karibu kwa bajaji, asiende peke yake. Ukikatwa hela na baa haijapata ujumbe, tunza ujumbe wako na mwonyeshe msimamizi muda na namba ya muamala.

*Programu ya usafiri haipati gari.* Hutokea mvua ikinyesha na saa baa zinapofunga. Mpigie yule dereva wako. Akikosekana, muombe mlinzi wa getini akuitie mtu anayemfahamu, kisha piga picha namba ya gari au bajaji na uitume kwa mtu aliyeko nyumbani. Kaa ndani mpaka afike. Bodaboda kwa mtu aliyekunywa, hapana.

*Mwenzenu amezidiwa.* Acheni kumpa kinywaji, mpeni maji, mmoja akae naye muda wote. Asipakiwe peke yake kwenye chombo chochote. Kama haamki akiitwa au anapumua kwa shida, mlazeni ubavu na mumpeleke hospitali mara moja, msisubiri apate nafuu.

*Mtu anakusumbua na hataki kuelewa.* Sogea kaunta, mwambie mtu wa kaunta waziwazi, na mlinzi asikie. Baa yenye heshima itamtoa yeye, wewe utakaa. Isipofanya hivyo, lipa uondoke na wenzako, na jina hilo ulifute kwenye orodha yako.

*Simu imeibiwa.* Azima simu ya mwenzako hapohapo, piga 100 kwenye mtandao uleule wa laini yako, wafunge laini na akaunti ya pesa kabla ya kingine chochote. Kama kuna vurugu au umeumizwa, piga 112. Taarifa ya polisi unaichukua asubuhi, ukiwa na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Iko kwenye boksi la simu, kwa hiyo leo kabla hujatoka, ipige picha uitume kwenye barua pepe yako.